Ukurasa wa Intaneti wa Darasa la Tano

Jumatatu, 4 Mei 1998
Mkuu wa shule, Mwalimu Makarius, katangaza: mkaguzi anakuja Ijumaa, na siku hiyo hiyo atateuliwa Mwalimu wa Taaluma. Cheo, na nyumba ya bati juu yake. Yangu ya nyasi, inavuja hadi kitandani. Mke wangu Scola kasema masika mengine hayamkuti humo, atarudi kwao Kasekese. Scola hasemi mara mbili.

Mpinzani ni mmoja, Mwalimu Pudensiana wa darasa la nne. Watoto wake wanajua kusoma. Basi, hana lingine.

Jioni nimenunua karanga, zimefungwa kwa gazeti. Eti walimu wa Ulaya wanatengeneza kurasa za darasa kwenye intaneti. Ni rahisi, linasema: weka jina la darasa, waache watoto waandike kazi zao, mzazi asome. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 5 Mei
Nimeenda misheni. Kompyuta ipo, imefunikwa kitambaa. Padri Josephat kasema ni ya kuandikia barua tu, intaneti haijafika Mpanda. Nimemjibu itanikuta niko tayari.

Jumatano, 6 Mei
Ukurasa nautengeneza mwenyewe: mifuko ya saruji, uji wa muhogo badala ya gundi, kamba za tumbaku. Ukivuta kamba, ukurasa unapanda, mwingine unatokea chini yake. Nadhani na za Ulaya ni hivyo. Pudensiana kauliza kama ni pazia. Wivu.

Alhamisi, 7 Mei
Ukurasa wa "Kazi Zetu" nimewaachia watoto waujaze. Mimi nilikuwa na tumbaku yangu ya kufunga. Upendo, monita, kasema wameandika kwa mwandiko mzuri. Sikuona haja ya kusoma. Nimeutundika nje ya ofisi, ulimwengu uone.

Ijumaa, 8 Mei
Wazazi walijaa. Mkaguzi kavuta kamba, kasoma kwa sauti: "Jumatatu tulipalilia mihogo ya mwalimu. Jumanne tulichambua tumbaku ya mwalimu. Jumatano tulimchotea maji mke wa mwalimu. Alhamisi tumeandika ukurasa huu."

Kauliza hesabu tunasoma lini. Upendo kajibu kwa heshima zote kwamba hesabu huwa wanasimuliwa na watoto wa darasa la nne.

Pudensiana kapewa cheo. Na bati.

Jumamosi, 9 Mei
Scola kaondoka asubuhi, na godoro. Imeniuma, nisidanganye. Nimekaa juu ya chaga tupu za kitanda kutafuta kosa, nimelipata: watoto hawakusimamiwa kuandika.

Jumatatu darasa zima linakuja kuezeka nyumba yangu upya, labda Scola atarudi. Nimemwonya Upendo hilo lisiandikwe popote.