Bingwa wa Kuzomea Opera

Ujerumani nzima hakuna koo linalojua kuzomea kama la Bwana Ottokar Zwingmann! Alisema hivyo mwenyewe, tena kila siku, mpaka mbwa wa jirani akawa anajua.

Mzee huyu aliipenda ile opera ndefu ya miungu, joka na dhahabu kuliko alivyowapenda wanawe. Lakini iwe ya kizamani: kofia za pembe, mikuki, joka la kutema moshi! Sasa jumba la opera la mji wao lilikuwa limempa kazi mwongozaji kijana, Levin Kaltwasser, naye akaihamishia miungu yote kwenye kituo cha kuoshea magari. Mungu mkuu kavaa kandambili! Joka ni zile brashi kubwa zinazozunguka! Shujaa analiua kwa kuchomoa plagi!

"Plagi!" Ottokar alifoka, soseji ikamtoka kwenye uma. "Akija kuinama mbele yetu mwisho wa onyesho, nitamzomea mpaka arudi tumboni kwa mama yake!"

"We Ottokar," akasema mkewe, Irmtraud, "hukumsikia mkurugenzi wa jumba? Onyesho likidoda linaondolewa, lile la zamani linatolewa stoo. Nyamaza tu, lidode lenyewe."

"Zwingmann anyamaze? Nimeshawaahidi wenzangu wa chama cha wapenzi wa opera!"

Wiki nzima akawa anakunywa chai ya maua na kunong'ona, utadhani yeye ndiye anayekwenda kuimba.

Siku ya onyesho la kwanza ikafika. Mapumzikoni, Burkhard wa chamani akamjia na bia mkononi.

"Vipi koo, bwana?"

"Limeiva."

"Lakini watu wanakoroma, ndugu yangu. Hili limeshakufa."

"Umesikia?" Irmtraud akadakia. "Maiti haipigwi ngumi."

Opera ikaisha. Waimbaji wakashangiliwa. Mwisho kabisa, kama ilivyo desturi, akatoka mwongozaji, kavaa nyeusi tii kuanzia skafu hadi viatu, kifua mbele, tayari kutukanwa.

Pa. Pa. Pa. Vile vikofi vya kumuaga karani anayestaafu.

Hakuna aliyezomea! Kaltwasser akapauka. Huku kwetu kuzomewa ndiko kunakomvumisha mwongozaji; asiyezomewa ni bora angeuza matango. Watu walishaanza kutafuta makoti. Mkurugenzi, kule juu kwenye kiti chake, akatikisa kichwa kama daktari aliyekosa mapigo ya moyo. Kidogo tu, na joka la moshi lirudi jukwaani!

Irmtraud akamkamata mumewe mkono. "Ottokar. Usithubutu."

Nyuma yao Burkhard akacheka kidogo. "Kumbe lilikuwa domo tu."

Domo! Yeye, Zwingmann!

"BUUUUUUUUU!"

Taa za dari zikalia. Bibi mmoja akameza peremende nzima nzima. Vijana wa roshani ya juu wakaruka: "Bravo, Kaltwasser! Nani huyo kikongwe? Bravo!" Wazee wa chini wakajibu: "Buu! Teremkeni tuwafunze adabu!" Vita! Waliokuwa mlangoni na makoti wakarudi mbio wasipitwe. Profesa mstaafu akampiga daktari wa meno kwa mto wake wa kukalia.

Na Kaltwasser? Alifufuka kama samaki aliyerudishwa majini! Akainama, akatoka, akarudi, akainama tena, akimrushia Ottokar mabusu kwa mikono miwili.

Asubuhi magazeti yakaandika neno moja kubwa: KASHFA! Kufika wakati wa chakula cha mchana, tiketi za msimu mzima zilikuwa zimekwisha.

Jioni kengele ya mlango ikalia. Ni mkurugenzi mwenyewe, na shada la maua.

"Bwana Zwingmann, umetuokoa! Onyesho tumeliongezea miaka kumi. Na wewe tumekutengea kiti safu ya mbele, bure, kila linapochezwa. Ombi letu ni moja tu: uwe unazomea."

Ottokar akapanua mdomo amtukane. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Kilichotoka ni upepo tu, kama pancha ya baiskeli.

"Anasema anakubali," akasema Irmtraud, akapokea maua. "Kiti kimoja kinatosha. Mimi nabaki nyumbani."