Ng'ombe Arobaini wa Mzee Loserian

Jumatatu, 7 Aprili
Wazo la maisha! Kile kitabu cha Nashipai na ng'ombe wake. Wote huku tulikisoma darasa la tatu, na hakuna aliyewahi kukitengenezea begi wala filamu. Mtunzi, Mwalimu Semboja, alishafariki. Haki anazo binti yake, Mwalimu Emiliana, mstaafu, yuko Mkata. Nimempigia. Shikamoo tatu. Kasema nimpelekee begi la mfano Alhamisi. Akiridhika atanisainia leseni, begi na filamu pia. Mimi, Valerian wa Kilole!

Jumanne, 8 Aprili
Begi moja ni la waoga. Nimeamua arobaini. Kitambaa kipo: cha vizibao vya kwaya, ambavyo mke wangu Grasiana anatakiwa avimalize kabla ya Jumapili ya Matawi. Nimemwapia nitauza mabegi Alhamisi, Ijumaa kitambaa kipya kiko mezani. Kashona, kanuna. Kasema kwaya ikikosa vizibao yeye hakanyagi tena kanisani, na mimi sikanyagi jikoni.

Jumatano, 9 Aprili
Nimemchora ng'ombe mwenyewe. Kitabu sina. Cha shuleni kilikuwa kimechanika, tuliishia ukurasa wa kumi. Lakini ng'ombe ni ng'ombe! Sikio la kushoto nimelitia mikato miwili, urembo tu. Nimechapa yote arobaini. Kapendeza jamani.

Alhamisi, 10 Aprili
Aibu, aibu. Kabla ya kwenda kwa Mwalimu nikatandika mabegi gulioni Mkata. Akaja mfugaji mmoja, Mzee Loserian. Bei hakuuliza. Akashika begi, akatazama sikio, akaita wenzake. Wakalijadili kwa Kimaasai karibu saa nzima. Hukumu: mikato miwili sikio la kushoto ni alama ya boma lake, kwa hiyo ng'ombe ni wake, nisiuze hata mmoja. Nikamwambia katoka kitabuni. Akasema basi twende kwa mwenye kitabu.

Mwalimu Emiliana akatukaribisha chai. Akaniuliza ng'ombe wa Nashipai alikuwa na alama gani. Kumbe hadithi nzima ndiyo hiyo! Ng'ombe anaibwa, Nashipai anamtambua kwa tundu moja, sikio la kulia.

“Wewe kitabu hukukisoma,” kasema.

Leseni hakuna. Ila kaniazima nakala yake. Nikisoma yote, nikarudi kumsimulia mwisho, atanifikiria.

Ijumaa, 11 Aprili
Grasiana anafumua mabegi, anayageuza vizibao. Kanipa mgongo. Bora angenitukana. Roho imeniuma kweli, nikashika wembe nimsaidie. Nimechana kimoja katikati.

Jumapili, 13 Aprili
Vizibao vimetosha, kasoro kimoja. Aliyekosa ni Grasiana mwenyewe; kaimba na gauni la zamani. Wengine wote ng'ombe mgongoni. Wimbo wa pili Mzee Loserian huyo, kumbe kasikia ng'ombe wake wako kanisani kwetu, kaingia na fimbo yake, kasimama nyuma, kahesabu. Thelathini na tisa. Baada ya ibada kanifuata.

“Mmoja yuko wapi?”

Nikamwambia amekufa. Akanipa pole, ya dhati kabisa. Grasiana akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilitamani kulia kwa furaha.

Na pale pale nikaiona filamu! Kwaya inaimba, mzee anahesabu. Nimeshamwahidi Mzee Loserian nafasi kubwa. Mavazi? Grasiana ana mapazia mapya. Kitabu cha Mwalimu nimekifungua, nimefika ukurasa wa kumi na moja. Huo mwisho nitautunga mwenyewe.