Leso za Swafia na Simu Isiyonijua

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Nimeshinda. Mchango wa leso za arusi ya mjukuu wangu Swafia utapitia simu yangu mie, si ya Zakiya. Wanawake arubaini, leso moja, rangi moja, kwa sherehe ya kupamba, Jumamosi ijayo. Zakiya ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na alijinadi mbele ya watu kuwa simu anaijua zaidi. Nikamwambia anachojua ni kuipiga picha biriani. Wakacheka. Pesa zikaanza kuingia kabla kahawa haijapoa.

Ila alikaa karibu yangu mno, shingo kaivuta hadi kwenye kioo. Jioni nimejifungia chumbani nikabadilisha namba ya siri ya pesa. Simu ikaniuliza kama nataka ilinde kwa uso pia. Naam! Uso wangu nani atauiba? Nikaigeuzia juu, chini, kushoto, kulia. Ikaridhika.

Sasa namba ya nini? Nimeisahau makusudi. Asiyejua haropoki.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku mbaya.

Nimekwenda Mtaa wa Biashara, kwa Muhdhar muuza leso. Jozi arubaini kazipanga mezani, zambarau na manjano. Nikatoa simu kwa madaha. Nikaitazama. Ikasema hainijui. Nikavua miwani. Hainijui. Nikatabasamu, jambo ambalo sijamfanyia mtu mtaa ule tangu mvua za mwaka juzi. Hainijui.

Ikataka namba. Nikabahatisha. Siyo. Nikabahatisha tena. Siyo. Ikaandika kuwa nimebakiwa na mara moja tu, kisha inafunga. Nikaizima mbio.

Muhdhar hakunikemea. Adabu yake ndiyo iliyoniuma. Alisema kuna mama wa Kizingo anazitaka leso zile zile, zote. Ataniwekea mpaka Jumatano, adhana ya alasiri. Tena nilipe pale pale dukani, mbele ya macho yake. Nikamwambia betri imekwisha. Nikaiwasha mlangoni nione saa, ikalia mlio wa pesa: mwengine ametuma mchango. Muhdhar akajitia kukunja leso.

Jumanne, 4 Novemba

Maneno yameshaanza. Zakiya ameuliza, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, kama mie, Bi Khairiya, nimenunua friji mpya. Leso bado hazijapindwa, na fundi cherehani amekaa bure.

Adhuhuri Swafia akaja, macho mekundu. Upande wa bwana arusi wameambiwa kuwa bibi yake bi arusi amekula mchango. Mama mkwe mtarajiwa amesema atangojea aone.

"Nyanya, leso zipo au hazipo?"

Nikamwambia zipo. Si uongo. Zipo dukani.

Angenitukana ningemjibu. Alinibusu mkono akaenda zake, na hilo limenikaa kifuani mpaka sasa.

Nikapanga jambo. Saa kumi redioni kuna kijana, Barnabas, hujibu maswali ya simu. Watu humuuliza habari za saa za mkononi zinazopima moyo, za visikizio visivyo na waya, za pesa iliyokwenda kwa namba siyo. Nikaazima simu ya jirani, nikatuma swali kwa sauti. Jina nikajiita Zakiya wa Tudor. Sauti nikaibana puani.

Akaipiga hewani, yote, pamoja na kikohozi changu. Barazani wote wakaisikia. Barnabas akasema simu hukariri uso kama ilivyouona siku ya kwanza. Je, mama siku hiyo alikuwa kama alivyo kila siku? Au alikuwa amejipaka kitu?

Nikashika kichwa. Jumamosi jioni! Liwa! Kila Jumamosi najipaka liwa ya msandali, nzito, kipajini mpaka kidevuni. Simu imemkariri mwanamke wa manjano aliyekaukiwa uso. Mie kwake mgeni.

Kipindi hakijesha vizuri, Zakiya huyu hapa mlangoni, tuktuk inamngoja.

"Khairiya, mimi simu yangu imenikataa lini?"

Nikamwambia Zakiya wako wengi Tudor.

"Wenye kukohoa kama wewe hakuna."

Akakataa chai. Kesho, asema, baada ya alasiri, leso zisipoonekana atalipeleka jambo hili kwa mwanangu Sabir, baba yake Swafia, mbele ya wanawake wote. Anajua Sabir hawezi kunikaripia. Mwanangu atazilipa leso upya kwa mfuko wake, na pesa hizo hana.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesaga liwa tangu asubuhi, kwa maji ya waridi. Nikajipaka, ikakauka, nikaitazama simu. Ikafunguka. Nikaibusu, ikachafuka, nikaifuta.

Kutoka nje na liwa usoni kama mwari! Mie, mwenye wajukuu tisa. Nikaazima ninja ya Swafia, nikabu yake, nikafunika, macho tu. Kikopo cha liwa nikakitia mkobani.

Jua la kuchoma. Tuktuk ikakwama karibu na Marikiti nyuma ya mkokoteni wa mihogo. Nikamtukana dereva, nikamtukana mwenye mihogo. Chini ya ninja jasho linatiririka, nahisi liwa inashuka shingoni.

Nafika, mama wa Kizingo yuko dukani, mkoba wazi, leso zangu ameshazishika. Nikasema hizo zina mwenyewe. Muhdhar hakunitambua. Nikafunua uso.

Duka zima likanigeukia.

"Bi Khairiya," Muhdhar akasema polepole, "u mzima?"

Nikaitazama simu. Hainijui. Shavu la kushoto lote limeyeyuka. Nje adhana imeanza. Nikatoa kikopo, nikajipaka pale pale mbele ya Muhdhar, msaidizi wake na mama yule, kwa vidole, bila kioo. Nikajipepea kwa daftari la Muhdhar ikauke. Adhana inakwenda. Nikaitazama tena.

Ikanijua.

Muhdhar akanitajia namba ya duka, nikalipa, simu yake ikalia. Adhana ikamalizika. Mama wa Kizingo akaniuliza kwa heshima ile liwa nanunua wapi. Nikamwambia hainunuliwi, inasagwa, na mkono wake haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Alhamisi, 6 Novemba

Leso zimegawiwa. Kila aliyenisema nimempa yake mwisho. Zakiya nimempa ya mwisho kabisa.

Swafia amenipeleka ofisi ya watu wa simu. Uso wameufuta, namba mpya nimetia. Msichana wa pale, Sheryl, akanionya: nisimwambie mtu, nisiiandike kwenye karatasi, nisiiandike ndani ya simu. Nikamuuliza basi niiweke wapi. Akasema kichwani. Mtoto huyo hajui kichwa cha mtu mzima kina mambo mangapi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata pa kuiweka. Si karatasi, si simu. Kache, mchoraji hina, amenichora mgongo wa mkono wa kulia, na nimemwelekeza mwenyewe: ua moja lipinde hivi, kikonyo kile kishuke vile. Tarakimu nne katikati ya majani, zasomeka kuanzia kidole gumba. Hata Kache hajatambua. Hapa siiandiki. Ya kwanza tu ina shingo kama bata.

Jumapili, 9 Novemba

Kupamba kumefana. Arubaini ndani ya zambarau na manjano, ukumbi umewaka. Swafia kalia begani kwangu, safari hii kwa furaha. Mama mkwe amenipa mkono mbele ya watu wote. Wanawake wameniachia tena mchango, wa vyombo vya arusi nyingine, ya Januari, na pesa zinaingia tangu jana.

Lakini waliosifu leso ni wachache. Wote hina yangu! Zakiya mwenyewe, kwa husuda yake, akanishika mkono, akaugeuza kwenye taa, akaupiga picha, akaitia stetasi. Watu mia mbili wameshaitazama. Leo Kache amepata wateja sita wanaotaka maua hayo hayo, akaja kuniomba ruhusa.

Nimempa. Nimemwambia asipunguze hata jani, na awachore kwa mpangilio wangu, kuanzia kidole gumba.