Jinsi Nilivyouokoa Mnada wa Kalungwe

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kihistoria! Nimeisoma barua kabla ya mwenye barua. Bwana Maiko, Afisa Tarafa wetu, alikuja dukani kwangu kutoa kopi kwa sababu mashine ya ofisini kwake imekufa tangu Pasaka. Mimi sisomi barua za wateja. Ila macho yakishaona, yameona.

Imetoka wilayani. Maelekezo kutoka juu: mamlaka ya Mji Mdogo wa Kalungwe ivunjwe, na mnada wetu wa ng'ombe wa kila Alhamisi uhamie makao makuu ya wilaya. Sababu haikutolewa. Neno "kuboresha" limetajwa mara sita.

Miaka kumi na tatu tumejiendesha wenyewe. Tunachagua mwenyekiti wetu, tunapanga siku ya mnada wetu, tunajua nani afagie stendi. Wilayani hawajawahi kulipenda jambo hili. Kila mkuu anayeletwa anatutazama kama mtoto aliyeanza kula kabla ya kuambiwa anawe.

Na mwenyekiti wetu ni nani? Ni dada yangu mwenyewe, Immaculata. Amechaguliwa mara tatu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanivusha shule. Bila mamlaka, Dada si mwenyekiti wa chochote. Bila mnada, mke wangu Katarina atamuuzia nani supu? Kalungwe bila mnada ni njia panda yenye vumbi.

Nilifunga duka nikakimbia kumwambia Dada. Alikuwa ameshajua. Hezron alimwambia. Hezron! Katibu wa mamlaka, mwenye kiti cha kuzunguka na kalamu nyekundu. Ukatibu ule ulipaswa kuwa wangu. Mji mzima unajua, isipokuwa Dada.

Jumanne, 4 Juni

Kikao cha dharura. Sikualikwa. Nilipeleka maji ya kunywa, nikabaki.

Hezron alieleza kwamba wakubwa hawawezi kuvunja mamlaka hivi hivi. Ni lazima waonyeshe kuwa wananchi walishirikishwa: mkutano wa hadhara, muhtasari wake, na karatasi za mahudhurio zenye majina na sahihi. Bwana Maiko ameshatangaza mkutano Ijumaa, uwanja wa shule.

Dada akasema neno fupi. Tusiende. Hakuna bango, hakuna kelele, hakuna kujibizana na polisi. Kila mtu abaki kwake, nao wazungumze na viti vyao.

Nilisimama nikatoa mpango wangu. Maandamano ya ng'ombe mia tatu hadi wilayani, mimi nikiwa mbele! Makoye, msemaji wa wafugaji, aliniuliza kwa upole hao ng'ombe watanyweshwa wapi njiani. Suala la maji sikuwa nimelifikia. Hezron aliandika kitu kwa kalamu nyekundu, akacheka peke yake.

Mpango wa Dada ni wa kivivu. Nilimwambia hivyo Katarina. Akajibu kuwa mipango ya kivivu ndiyo anayoipenda, haivunji vyombo. Kisha akanikumbusha kuni zimekwisha.

Ijumaa, 7 Juni

Maturubai mawili. Viti mia tano vya plastiki. Spika zinapiga Bongo Fleva tangu asubuhi. Mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe na magari manne. Niliangalia kupitia dirisha la duka, ambalo linatazamana na uwanja. Kuangalia si kuhudhuria.

Hakuja mtu!

Hata mmoja. Wafugaji walikuwa porini na mifugo, wakulima walikuwa wanavuna, vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakajifungia ndani. Mkuu alihutubia viti kwa nusu saa. Bwana Maiko alipiga makofi peke yake, kwa bidii, hadi nikamwonea huruma. Mbuzi wawili waliingia chini ya turubai, mmoja akala ratiba.

Nilimkuta Dada barazani anachambua mchele. Nilimsimulia yote, na mbuzi nikawaigiza. Alitabasamu kidogo, akaendelea kutoa mawe. Nilijisikia fahari. Nilijisikia na wivu pia, siwezi kuificha shajara. Ushindi mkubwa namna hii, na mimi sikufanya hata kitu kimoja!

Sokoni wanamsifu Hezron kwa kuijua sheria.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata wazo. Wakubwa hawaelewi ukimya. Mkubwa anaelewa karatasi. Nitaandika barua ya kupinga, na mji mzima utasaini chini yake. Itakuwa barua ya kusomwa na wajukuu.

Nimeanza na karatasi za majina, maana hizo ninazo kwenye kompyuta siku zote, nawachapia watu wa semina na vikoba. Namba, Jina, Mtaa, Simu, Sahihi. Juu nimeacha nafasi ya kichwa cha habari. Kichwa nitakiweka barua ikikamilika. Barua nzuri haitaki haraka.

Nilianza kwa Dada. Aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akauliza mbona haina kichwa, inasema nini hasa. Nikamwambia kichwa kinakuja. Akauliza kama Hezron ameiona. Nikasema Hezron ana kazi nyingi. Halafu akasaini, namba moja, kwa ule mwandiko wake wa taratibu kama wa mwalimu.

Jumapili, 9 Juni

Nilisimama mlangoni mwa kanisa baada ya misa zote mbili. Majina mia mbili na kumi! Wakiona sahihi ya Mwenyekiti hawaulizi swali. Makoye aliweka dole gumba, kisha akaniletea wafugaji wenzake hadi wa Litapunga. Wa Litapunga si wa mji wetu. Nimewagawia mitaa.

Katarina alisaini akiwa ameshika upawa. Alisema nyie wanaume mngependa chakula kama mnavyopenda karatasi, tusingekuwa tunagombana. Tone la supu lilidondokea jina lake. Nimelipangusa.

Jumatatu, 10 Juni

Mia nne kumi na saba. MIA NNE KUMI NA SABA! Hezron hajawahi kukusanya hata mia.

Barua imefika ukurasa wa nane. Bado niko kwenye historia ya Uhuru. Mnada nitaufikia ukurasa wa kumi hivi. Kisha printa ikatapika kurasa nyeupe: wino umekwisha, na wino wa mashine hii haupatikani hapa hadi Mpanda.

Alasiri akaingia Bwana Maiko. Amekonda. Alisema tangu Ijumaa simu za juu hazimpi nafasi ya kula. Aliomba nimchapie muhtasari wa mkutano, nimwekee kwenye flashi, akatolee huko mbele. Nilimchapia. Kazi ni kazi. Kwenye idadi ya waliohudhuria akaniambia niache wazi. Nikaacha wazi.

Halafu akaziona karatasi zangu juu ya meza. Akauliza. Mimi kunyamaza sijajaliwa. Nilimweleza yote, pamoja na muundo wa barua. Alisikiliza ameshika kidevu. Akasema hajawahi kuona kazi safi namna hii, na kwamba mji huu una kichwa kimoja tu na leo amekaa nacho. Kesho anakwenda wilayani. Akasema, kama nataka, karatasi atamkabidhi Mkuu mkono kwa mkono, na barua itafuata.

Nilimuuliza kama atanitaja. Akasema atanitaja wa kwanza.

Nimempa. Bahasha ya kaki nimemwongezea bure.

Jumatano, 12 Juni

Mpanda. Nimesafiri siku nzima kwa ajili ya wino. Ndani ya basi niliwaeleza abiria jinsi mji mdogo unavyoweza kuitikisa wilaya. Mama mmoja wa Mwese alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ninauza dawa.

Nimerudi. Wino ni wa printa nyingine.

Ijumaa, 14 Juni

Nashindwa kuandika. Naandika.

Gari la matangazo limepita saa tatu asubuhi. Kufuatia mkutano wa hadhara wa tarehe saba, uliohudhuriwa na wananchi mia nne kumi na saba walioridhia kwa kauli moja, mamlaka ya Mji Mdogo wa Kalungwe imevunjwa. Mnada wa Alhamisi ijayo utafanyika makao makuu ya wilaya. Wananchi wanapongezwa kwa uzalendo wao.

Mia nne kumi na saba. Niliisikia ile namba nikajua kabla ya kujua.

Muhtasari umebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya tarafa. Nimeuchapa mimi. Pale nilipoacha wazi pamejazwa kwa kalamu ya bluu. Nyuma yake karatasi zangu zote, zimepigwa pini. Juu, kwenye nafasi ya kichwa, kalamu hiyo hiyo imeandika: Mahudhurio, 7 Juni. Na namba moja ni Dada. Mtu aliyekaa kwake siku ile anachambua mchele, amehudhuria. Ameridhia.

Hezron alikuja akasimama kando yangu. Alisoma kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa. Hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kumkabili Bwana Maiko. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Nikamwambia zile zilikuwa sahihi za kupinga. Akauliza, imeandikwa wapi? Nikasema kwenye barua. Akauliza barua iko wapi. Nikasema ukurasa wa kumi na moja. Akasema kwa masikitiko kwamba yeye aliisubiri hadi Alhamisi.

Soda niliimaliza. Najidharau.

Alhamisi, 20 Juni

Leo ingekuwa mnada.

Makoye alipita juzi asubuhi na ng'ombe wake, anawapeleka huko wilayani, safari ya siku mbili sasa. Alinivulia kofia akaniamkia kama kawaida. Alifikiri walituibia wote sawa. Sikumwambia tofauti. Katarina alipika supu nusu sufuria kwa mazoea, hadi saa saba ilikuwa nusu vilevile. Hakunisema. Aliimwaga nyuma ya nyumba, akaosha sufuria muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Mchana Dada alikabidhi ofisi: muhuri, funguo mbili, benchi moja. Kutoka huko alikuja dukani kwangu. Niliandaa utetezi wa hoja tano. Alikaa kwenye kigoda wanachokalia wateja wa picha za pasipoti, akasema hakuna haja. Akasema karatasi ile aliisaini bila kichwa kwa sababu aliyeileta ni mimi. Basi. Sauti hakuipandisha.

Nililia mbele ya mteja.

Ninajuta. Hata nikiandika neno hili mara mia halitoshi. Mji ulishinda kwa kukaa tu, na mimi nikaenda nyumba kwa nyumba kuuchukulia ushindi wake.

Dada anahamia Mwese, kwenye shamba la baba, akalime maharage. Aliniomba jambo moja. Nisiandike kitu chochote kwa jina lake, kwa mkubwa yeyote, kamwe. Akasema wamemchukulia ofisi na mnada, lakini hakuwapigia magoti, na hilo ndilo anaondoka nalo.

Nimeahidi. Kwa jina la mama nimeahidi.

Jumapili, 23 Juni

Nimeungama. Padre kanipa rozari tatu na kunishauri nipumzishe kompyuta. Nimetoka kanisani mwepesi, mtu mpya kabisa. Kosa langu sasa nalijua: nilitanguliza majina, barua ikabaki nyuma. Na barua ilikuwa ndefu mno.

Hii ya leo nimeiandika kwa mkono, ukurasa mmoja tu. Na inajitosheleza!

Imetoka kwa Immaculata kwenda kwa Mkuu wa wilaya. Anaomba radhi kwa ukaidi wote wa miaka kumi na tatu. Anaipongeza serikali kwa kuhamisha mnada. Anaomba kwa unyenyekevu afikiriwe nafasi yoyote, hata ndogo. Wakimpa, atarudi ofisini, na akirudi ofisini nitarudisha mnada polepole kwa barua za ukurasa mmoja mmoja. Ahadi nimeiwaza sana. Nadhani mama angeelewa. Sahihi haikunisumbua. Mwandiko wa Dada naujua kuliko wangu, maana ndiye aliyenishika mkono nikijifunza kuandika.

Bwana Maiko alikuwa anapita, nikamkabidhi. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri sana, akaiweka mfuko wa shati. Akasema maneno mazito kama haya hayafai kukaa kwenye faili. Kesho saa nne na nusu yatasomwa kwenye gari la matangazo, mtaa kwa mtaa, mji wote umsikie Mwenyekiti wao wa zamani. Nikasema itakuwa heshima kubwa.

Pikipiki ya kumpeleka Dada Mwese inakuja kesho saa nne. Nimepita kwake sasa hivi kumwomba asubiri hadi saa tano. Aliuliza kuna nini. Nimemwambia ni zawadi.