Karela za Kumsitiri Mkwe

Alhamisi, 12 Juni

Kilwa Masoko. Alhamdulillahi, karela, yale matango machungu ya kutambaa, zimetambaa hadi juu. Bafu letu la uani sasa limezingirwa kijani kitupu. Mke wangu Zuhura amenidai makuti mapya ya uzio miaka mitatu. Mimi nikapanda mbegu nne. Pambo, dawa na uzio kwa mpigo mmoja! Nguzo zimeliwa na mchwa, lakini majani yamefunika. Nani atachungulia?

Jirani Likwata kachungulia. Kasema ana makuti ya ziada, nichukue. Nimekataa. Mtu mwenye uzio wa bati hana la kunifundisha kuhusu urembo.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe, Bi Warda, kaingia kutoka Mingoyo. Zuhura kanivuta pembeni, kwa upole wa kutisha: mama yake akiaibika hapa, Jumatatu wanaondoka wote wawili, na mabegi yote. Nimeapa.

Bi Warda kaitikia shikamoo yangu huku macho yake yameganda kwenye karela. Zimeiva njano, nyingine zimepasuka, mbegu nyekundu nje. Kasema hajawahi kuona bafu zuri hivi. Nilikaribia kulia. Kisha kachuma changa, kakaanga na vitunguu, ati zinasafisha damu. Mdomo mchungu hadi sasa. Nilisema tamu.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi uzio umeinama kwa nje. Bi Warda ameshapelekewa ndoo! Mwanamume akimwona mama mkwe anaoga, bora ahame wilaya. Nikazunguka nyuma, nikaupa uzio mgongo, nikauegemea kwa nguvu zote.

Mbinu ilikuwa nzuri. Ila mama aliona karela iliyopasuka, akaivuta, nguzo zilizoliwa na mchwa zikakatika.

Uzio wote ukanilalia. Nikaanguka kifudifudi kwenye tope la maji ya kuogea. Zuhura akapiga yowe. Mimi uso ndani ya tope, macho nimefumba.

Kumbe mama bado alikuwa na khanga zake, hajajimwagia hata kata moja. Akamwambia binti yake kwamba wanaume wa siku hizi wangegeuka kutazama, lakini huyu kazika uso kwa heshima. Mume wa namna hii haachwi.

Ukweli ni kwamba nisingeweza kuinuka. Nguzo ilikuwa mgongoni. Sikumsahihisha. Namshukuru Mungu kwa nguzo ile.

Jumapili, 15 Juni

Likwata kaja na makuti, nguzo na kamba, kajenga bila kuombwa. Kacheka mara mbili tu. Nimemshukuru kwa dhati. Nilimwonea bure.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Warda kaondoka peke yake, kaniombea dua ndefu. Zuhura anaimba jikoni. Sistahili, lakini nimepokea kwa mikono miwili.

Likwata kaleta makuti yaliyobaki, ya paa la jiko, maana linavuja. Nimemrudishia, na shukrani nyingi. Mbegu nyekundu nimeziokota zote kwenye tope, nimeziosha, nimezianika. Karela zitafika paani kabla ya mvua za vuli.