Kisanduku cha Manjano Mbele ya Maktaba

Halvorsby, Minnesota
Jumamosi asubuhi, Januari

Kwa Bwana Verlyn Haugstad,
Mwenyekiti wa Baraza la Mji.

Bwana Mwenyekiti,

Yah: Kisanduku cha manjano kiondolewe, na mengine yaondolewe pamoja nacho

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Ardelle Skoglund, mkuu wa kamati ya chakula cha misiba katika kanisa letu la Kilutheri, na mwalimu wako wa shule ya Jumapili enzi zile ulipokuwa unakula gundi. Nimesoma gazetini kwamba Jumanne baraza litapiga kura kukiondoa kisanduku alichokiweka Nesi Kirsten mbele ya maktaba. Humo mtu yeyote huchukua bure vijikaratasi vya kupimia kama dawa za kulevya alizonunua zimechanganywa na fentanili, ile sumu ambayo chembe yake humlaza mtu asiamke. Ulisema kikaoni kwamba kisanduku kinawapa vijana moyo wa kuendelea. Nakuunga mkono mia kwa mia, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kisanduku kimeivunja kamati yangu. Kabla yake tulikuwa hodari, Bwana Mwenyekiti. Tulipomzika binti yangu Rochelle, aliyemeza kidonge alichouziwa kuwa ni cha maumivu ya mgongo, akina mama walipanga mezani mikate ya nyama ya nguruwe, viazi vya kuoka na jibini, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani. Kahawa ilikuwa ya moto mwanzo mpaka mwisho. Watu walisema hawajaona msiba uliopangika kama ule. Baada yake wakafuata wengine, vijana tupu, nasi tukazidi kunoa mikono. Tangu kisanduku kiwekwe, tunaitwa kwa wazee tu, tena wale ambao rafiki zao wote wameshatangulia, kwa hiyo chakula kinabaki. Friji la kanisa halifungiki. Bernice, ambaye hakuna anayekata mikate kama yeye, ametukimbia, siku hizi anacheza karata. Nani atamrudisha?

2. Wale vijana wa kisanduku wananisalimu. Kuna kijana wa kina Pederson ambaye nilishamkatia tamaa, na moyoni nilikuwa nimeshamtengea sinia la viazi. Juzi amenifungulia mlango wa maktaba, kanyoa ndevu, akaniuliza goti langu linaendeleaje. Mtu umejiandaa kumlilia mwenzio, halafu anakuuliza goti. Huku ni kuvurugana.

3. Hili linanihusu mwenyewe na linanitia aibu. Mjukuu wangu Tanner, mtoto wa Rochelle, anaishi chumba cha chini nyumbani kwangu. Kazi yake ni kuezeka mapaa, na ana ule ugonjwa wa mama yake, wa dawa za kulevya. Sifichi, mji mzima unajua. Mwezi wa Novemba niliokota kijikaratasi kwenye pipa la taka la bafuni, kina mistari miwili myekundu. Sasa mwanamke gani wa umri wangu asiyejua mistari miwili maana yake nini? Nikawapigia simu akina mama wa kufuma. Soksi za mtoto zikafumwa, keki ikaokwa, mchungaji akaja akampa Tanner mkono na kumwuliza binti mwenyewe ni wa nyumba gani. Tanner akatuangalia wote, mdomo umejaa keki.

"Bibi," akasema, "hiyo ni ya kupimia unga, siyo mimba. Mistari miwili maana yake fentanili haikuonekana. Ukitokea mmoja, imo, na mimi namwaga chooni."

Nikamwuliza kama kweli huwa anamwaga. Akasema wiki ile ile alikuwa amemwaga. Mchungaji akaketi. Tanner akaimaliza keki peke yake. Soksi bado ninazo na mtoto hayupo, na sijui baraza litanisaidiaje katika hilo.

4. Mtu aliye hai ana usumbufu ambao baraza halijaufikiria. Tanner anaacha mabuti yenye theluji katikati ya njia. Anahamisha televisheni nikiwa katikati ya mchezo wangu. Anaimba bafuni, na hajui kuimba. Mama yake, tangu alale kule makaburini, hajaniachia hata kikombe kichafu kwenye sinki. Nyumba ilipata kuwa safi, Bwana Mwenyekiti, safi hata ukawa unatafuta kitu cha kufuta.

5. Sasa nakuja kwenye haki, na hapa naomba usome taratibu. Kila mwaka ziwa likishaganda, wewe mwenyewe unatoka na keekee yako, unatoboa tundu, unapima unene wa barafu, ndipo unaingiza pikapu na kibanda chako cha kuvulia samaki juu ya barafu hiyo. Duka la chambo linaandika unene huo ubaoni kila asubuhi, bure, watoto wanaona. Je, huku si kuwapa watu moyo? Mwenye akili timamu angekaa nyumbani. Samaki wanauzwa dukani, wameshakatwa na kufungwa vizuri. Anayeona lazima aende ziwani, basi aende bila kupima, na barafu ikimkatalia atakuwa amejifunza. Kwa hiyo naomba keekee zote za mji zikabidhiwe kwa polisi, ubao wa duka la chambo ufutwe, na zile kamba za kuokolea watu zilizotundikwa ufukweni zishushwe. Zinawadanganya watu kwamba tunataka warudi.

Tena nikukumbushe ya mdogo wako Orrin. Siku pikapu yake ilipozama, mji mzima ulitoka mbio na ngazi na kamba, na hakuna aliyesimama kwanza kuuliza kama anastahili. Nilikuwepo, nilibeba blanketi. Wewe ulilala kifudifudi juu ya barafu, umemkamata mkono, unalia, unamwambia, "Usiniachie, Orrin, usiniachie." Tukamvuta. Na wiki iliyofuata jamaa akarudi ziwani! Unaona sasa hasara ya kuokoa watu.

6. Sita nilikuwa nayo, lakini inamhusu mkeo na saladi yake, kwa hiyo naiacha.

7. Mwisho, maombi yangu. Kisanduku kikishaondolewa, kamati itarudi kazini, na sisi hatupendi kushtukizwa. Baraza litupe taarifa mapema ili tuagize nyama ya nguruwe, maana mwenye bucha hataki haraka haraka. Na kwa kuwa wa kwanza ninayemfikiria ni Tanner, nakuomba wewe binafsi ubebe jeneza upande wa mbele. Una mabega mazuri tangu utotoni. Akina mama watakuwekea sahani yako, na hutasikia kutoka kwangu neno la lawama, kwa sababu nitakuwa nimekwisha kuandika yote hapa.

Naamini utaliangalia jambo hili kwa uzito ule ule ulioutumia kuzungumzia maegesho ya magari. Nisalimie Darla, na Orrin, na madiwani wote, hata yule aliyelala kikao kizima, na mbwa wenu aliyenichania soksi siku ya Shukrani, nilishamsamehe.

Mimi katika usafi na utaratibu,

Ardelle Skoglund
Kamati ya Chakula cha Misiba

Nyongeza: Verlyn mwanangu, sikiliza. Jana ilikuwa siku ya mshahara wa Tanner, siku ambayo hununua. Nilipita maktaba jioni nikakuta kisanduku kitupu, kwa sababu Nesi Kirsten ameambiwa asikijaze mpaka mpige kura. Leo nimeamka na sikumsikia Tanner. Si kikohozi, si maji, si chochote. Nikaogopa kushuka zile ngazi. Nilishazishuka mara moja kwa mama yake. Basi nikakaa hapa sebuleni nikachukua kalamu, nikasema nikiandika mpaka mwisho atakuwa ameamka, na kila nilipokaribia mwisho nikaongeza namba nyingine.

Sasa hivi ngazi zimelia. Mlango wa friji umefunguliwa, na sauti imetoka jikoni, ya hasira kabisa: "Bibi, nani kamaliza maziwa?"

Nimeyamaliza mimi. Hayo yote ya juu uyafute. Kisanduku kiacheni palepale, na kijazwe leo, msingoje Jumanne. Mimi nakwenda dukani kumnunulia maziwa.