Pakingi Namba Tatu ni Yangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeamka saa kumi na moja, kama dereva. Nimeanza kitabu hiki ili siku moja wakiniuliza, kitabu kijibu. Naandika mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani, ambalo ni sawa na fomu foo ya siku hizi.

Mkutano wa ploti ulikuwa jioni. Bathsheba, msimamizi wetu, amesimama kwa ngazi na kutangaza. Wapangaji ni kumi na wawili, pakingi ni tano. Gari ambayo haitembei haitahesabiwa tena kuwa gari. Watu wote wamegeuka kuniangalia. Sijui kwa nini. Pikapu yangu haina shida yoyote isipokuwa injini, na injini iko Awendo kwa fundi tangu mwaka juzi. Itarudi.

Anayeitaka pakingi yangu ni Noordin, mpangaji mpya kutoka Isiolo, muuza sufuria hapa Migori mjini. Gari yake, Proboksi, hulala nje ya geti, na vioo vya pembeni vimeibwa mara mbili. Ameomba kwa adabu, akiniita mzee wangu. Watu wa adabu ndio wabaya. Nimepewa mpaka Jumamosi, gari iwe imetembea.

Nimewaambia niliendesha lori ya miwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliwahi kuniambia nitoke. Bathsheba amejibu kwamba lori hiyo ilikuwa inatembea. Watu wamecheka. Nimeandika majina yao.

Nyumba analipa binti yangu Rael, nesi huko Homa Bay. Si siri. Lakini gari ni yangu. Pakingi ikibaki, mimi ni Mzee Oyaro mwenye gari. Ikienda, mimi ni mzee wa kulipiwa nyumba. Basi.

Jumanne, 15 Julai

Bathsheba amechora chaki kwa tairi na kwa sakafu, mistari ikutane. Gari ikitembea, mistari itaachana. Nimecheka moyoni. Darasa la nne la zamani halishindwi na chaki.

Mchana, watu wakiwa kazini, nimefuta mstari wa tairi na kuchora mwingine pembeni. Kiganja kimoja. Jioni nimemwita aone. Nimesema nilienda mpaka stendi nikarudi, barabara ilikuwa na msongamano.

Ameinama. Ameuliza mbona mistari ya tairi zile tatu zingine bado imekutana. Kumbe alichora zote nne! Noordin amesema pengine tairi moja ilienda stendi peke yake kununua gazeti. Kicheko mpaka ghorofa ya tatu. Jina lake sasa liko mara mbili.

Jumatano, 16 Julai

Akili imefunguka! Asubuhi nilikuwa kando ya barabara. Magari ya matanga yakapita, yamefungwa matawi mabichi mbele na kwa vioo. Polisi wakayapisha. Bodaboda zikasimama, hata zile ambazo hazisimami. Nikajiambia, Oyaro, nani atagusa gari ya msiba?

Saa nne nimekata matawi. Saa tano pikapu imevaa vizuri kuliko gari ya chifu. Nimemwambia Bathsheba kwamba binamu yangu Ogeto wa Rusinga ametuacha. Ogeto ni mzima, ana nguvu ya ng'ombe, lakini Migori hajafika miaka tisa. Hatajua.

Nimemweleza kwamba kwetu gari ikishafungwa majani haiguswi mpaka mazishi yapite. Desturi hiyo nimeitunga mwenyewe, lakini ni nzuri. Akauliza mazishi ni lini. Nimesema mwisho wa Agosti, tunangoja watu wa ng'ambo.

Bathsheba ameshika kifua. Halafu amefuta chaki yake, kwa mguu wake mwenyewe. Ushindi!

Alhamisi, 17 Julai

Msiba una faida. Sijapika tangu jana. Chai imetoka juu, chapati zimetoka chini, na Fardowsa, bibi ya Noordin, ameleta pilau ya nyama. Bathsheba ameweka habari kwa grupu ya ploti. Amesema pole zimefika arobaini. Ogeto akiwa hai hajawahi kusalimiwa na watu arobaini.

Akina mama wa kwaya wameimba mlangoni kwangu. Nimelia kidogo. Nimelia vizuri.

Noordin amekuja akakaa sana. Ameuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nimesema alikuwa mtu mwema, hakuwahi kutaka pakingi ya mwenzake. Noordin ameangalia chini. Imemwingia!

Ijumaa, 18 Julai

Shida. Bathsheba amekuja na lesso kiunoni. Ploti imekaa na kukata shauri: hapa mtu haendi kulia peke yake. Kesho tunaenda Rusinga kupeleka pole, na gari yenye majani iongoze.

Nimesema ni mbali. Amesema Noordin ametoa Proboksi na mafuta. Nimesema barabara ni mbovu. Amesema ni lami mpaka Mbita, na kisiwani kuna daraja. Nimesema watu wetu hawapendi wageni. Ameniuliza ni boma gani la Wajaluo lilikataa wageni wenye sukari na mkate.

Hilo boma halipo.

Jumamosi, 19 Julai

Saa moja asubuhi wote wako nje, nguo nyeusi. Nimeketi kwa usukani. Nimezungusha ufunguo. Kimya. Nimesema betri imelala kwa majonzi, waende bila mimi. Noordin amekunja mikono ya shati. Amesema mzee wangu, kwa msiba hatuachani, tutaisukuma.

Wanaume sita! Wamesukuma kwa moyo wote, mmoja akishangaa mbona ni nyepesi hivi. Pikapu imetoka namba tatu, imepita geti, imeshika mteremko. Nimekanyaga breki. Hakuna breki. Imeenda yenyewe, majani yakipepea, mpaka kwa lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Nimeiongoza kitaalamu. Dereva wa kawaida angeua mtu.

Noordin amefungua boneti aangalie betri. Ndani kulikuwa na kuku wangu wawili na mayai saba. Ameniuliza polepole, mzee wangu, injini? Nimemwambia iko Awendo. Amefunga boneti taratibu, asivunje mayai.

Nilidhani yameisha. La! Bathsheba amesema gari ni chuma, msiba ni watu, akanisukuma ndani ya Proboksi. Mbele Noordin na mimi, nyuma Bathsheba na mama wawili wa kwaya. Wameimba kutoka Migori mpaka Homa Bay bila kurudia wimbo. Hapo tumesimama kununua sukari na mkate. Nimesema nina kizunguzungu, turudi. Bathsheba amesema ni uchungu, nipewe maji.

Tumefika Rusinga saa saba. Ogeto alikuwa ameketi kwa kiti mbele ya mlango wake, amevaa koti na tai. Hajainuka. Ametupungia mkono akasema:

“Karibuni, karibuni! Mwili uko tayari.”

Kumbe Bathsheba alimtumia Rael ujumbe wa pole, akamhakikishia kwamba pakingi yangu haitaguswa mpaka mazishi. Asubuhi Rael alipotoka zamu akapiga simu ya Ogeto ili awafariji wenye boma. Ogeto akapokea mwenyewe.

Mama mmoja wa kwaya bado alikuwa na mdomo wazi wa kuimba. Ogeto ameniita mbele ya wote. “Omera, ndugu yangu, umeniua kwa sababu ya pakingi? Hata kuuawa kwa ajili ya ng'ombe sikustahili?” Nimesema kuna mambo ya mjini yeye hawezi kuelewa. Bathsheba amekaa chini kwa nyasi, amefunika uso na lesso, mabega yakitetemeka. Nilidhani analia.

Noordin ndiye ameanza kucheka wazi. Amempa marehemu mkono. Amesema anashukuru Mungu kumkuta na afya njema, maana amesikia mengi mazuri juu yake. Ogeto ameagiza kuku, akampa Noordin kisu achinje ili kila mtu ale. Tumekula matanga na mwenyewe. Marehemu amekula mapaja yote mawili.

Jumapili, 20 Julai

Rael amepiga simu. Amesema nyumba analipa yeye, lakini aibu nimejinunulia mwenyewe. Nimemwambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Bathsheba amepaka rangi mpya namba tatu. Proboksi imeingia. Noordin amekuja na chai. Amesema ataleta kamba, tuvute pikapu tuiweke nyuma ya tangi la maji, ameshamwomba Bathsheba na amekubali. Kona ya ndoo na matambara! Nimekataa. Amesema nifikirie tu. Mwenye mchanga amekuja mara mbili kuuliza ujenzi wake utaendelea lini.

Watu hawanisalimii tena wakiniita mwenye gari. Leo wameniita Mzee wa Marehemu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Mtu anayeona kosa lake ndiye mwenye akili, na kosa langu nimeliona wazi. Rusinga ni karibu mno. Kuna lami, kuna daraja, kuna simu.

Dada yangu aliolewa na Wangwe huko Mwanza, ng'ambo ya mpaka. Wangwe hana simu. Rael hamjui. Na gari ya msiba haiwezi kuachwa kwa mchanga wa watu, itabidi irudishwe ndani kwa heshima, namba tatu, maana ndiyo iko karibu na geti.

Jioni nimemuuliza Noordin, kwa njia ya mazungumzo tu, kama ana pasipoti. Hana. Bathsheba naye hana.

Wangwe ana miaka themanini na moja. Anatosha.